Kulala Hemani Karibu na Disney: Uliza Kwanza Habari za Usiku

Siku hizi si ajabu kwa mzazi wa Temeke au Mbagala kupata habari kutoka kwa mwanawe aishiye Houston au Minneapolis, kwamba watoto wakifunga shule jamaa nzima itasafiri hadi Florida, kwenye bustani mashuhuri ya burudani iitwayo Walt Disney World, na kwamba bibi naye ametengewa nafasi yake. Furaha huenea nyumba nzima. Kisha, mwishoni kabisa mwa habari hizo njema, hufuata neno moja linalomfanya bibi avue miwani: watalala hemani.

Ndugu msomaji, usicheke. Wengi wetu tunalijua turubai kuwa kimbilio la mtu aliyebomokewa na nyumba, na si ajabu bibi akauliza mara mbili kwa nini mtu atoe fedha zake ili alale juu ya ardhi. Lakini kwa mfanyakazi wa huko hema ni jambo la hesabu. Hoteli zilizo karibu na bustani ni ghali, watoto ni wengi, na likizo ya kazi ni fupi. Hema ndilo linalowawezesha kwenda wote sita badala ya kwenda watatu. Kwa hiyo juma hili tuitazame kazi ya kuchagua kambi iliyo salama na isiyomfilisi mtu. Maana kambi za huko ni nyingi, na si zote zinazomfaa mama mwenye watoto wadogo na bibi mwenye maumivu ya magoti. Nawe uliyealikwa usinyamaze kwa kuwa ni mgeni. Muulize mwanao maswali haya kabla hajalipa.

Yafaa kwanza kuijua sehemu yenyewe. Walt Disney World, iliyo karibu na mji wa Orlando, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Leo si bustani moja bali ni nne, kila moja na tiketi yake na lango lake: Magic Kingdom, iliyo kongwe kuliko zote, kisha EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Katika hiyo ya mwisho kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kufuata sura ya miji ya pwani yetu kama Lamu, na bibi atapata raha ya kuwasomea wajukuu vibao vya Kiswahili ukutani. Hiyo peke yake yatosha kumfanya asahau magoti kwa saa moja.

Kambi za kuzunguka bustani hizo ni za namna tatu. Ipo kambi ya Disney yenyewe, Fort Wilderness, iliyofunguliwa mwezi Novemba mwaka 1971, katikati ya msitu wa misonobari kando ya ziwa Bay Lake. Zipo kambi za watu binafsi, nyingi zikiwa upande wa mji wa Kissimmee, kandokando ya barabara kuu ya 192 na vichochoro vyake. Na zipo kambi za umma: mathalani hifadhi ya jimbo ya Lake Louisa, karibu na mji wa Clermont, ambayo ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari hadi Disney barabara ikiwa haina msongamano, au Bill Frederick Park, mali ya manispaa ya Orlando, kando ya ziwa Turkey Lake. Hizi za umma ndizo watu wasizozijua sana, kwa sababu hazina matangazo makubwa barabarani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo aghalabu halimo katika picha za rangi za matangazo.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 1998, Florida ya kati ilipigwa na visulisuli vikali vile ambavyo Wamarekani huviita tornado. Upepo wa namna hiyo hushuka kutoka wingu la radi ukizunguka kama pia, na upitapo hung'oa, huinua na kutupa. Kimoja kilipita katika mji wa Kissimmee baada ya saa 6 za usiku, watu wakiwa usingizini, kikaikumba na kambi moja ya trela za kulala. Usiku ule jumla ya watu 42 walipoteza maisha yao katika sehemu hizo za Florida, na waliojeruhiwa walizidi 250. Wengi wa waliokufa walikuwa ndani ya trela au nyumba nyepesi zisizo na msingi. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo. Lakini onyo halimfikii mtu aliyelala na redio imezimwa. Na wasomaji watambue kwamba Kissimmee haiko mbali na Disney: ndiko walikolala, na ndiko wanakolala hata leo, maelfu ya watu waliokuja kuitembelea bustani.

Siyasemi haya ili mtu akatae mwaliko wa mwanawe. Usiku kama ule ni nadra sana, na watoto wengi wamelala katika kambi zile kwa miaka mingi bila kuona baya. Nayasema kwa sababu yanatuonyesha swali la kwanza la kuuliza, ambalo karibu kila mtu huliuliza mwisho au haliulizi kabisa: upepo ukija usiku, tutakimbilia wapi? Mwenye kambi anayeijua kazi yake atajibu mara moja. Atakuonyesha jengo la matofali au zege, aghalabu lile la mabafu na vyoo au la kufulia nguo. Atakwambia kama hubaki wazi usiku kucha au hufungwa kwa ufunguo. Atakwambia nani huwaamsha watu onyo litolewapo. Akianza kukueleza habari za bwawa la kuogelea, mshukuru na kumuaga.

Ukishapata jibu, omba kiwanja kilicho karibu na jengo hilo. Watu wengi hupenda viwanja vya pembeni kwa ajili ya utulivu. Lakini mama mwenye watoto watatu na bibi hawezi kukimbia mita 300 gizani katika mvua. Kiwanja cha karibu na vyoo kina kelele kidogo za milango, ni kweli, ila kina taa, kina watu wanaopita, na mtoto akiamka usiku kwenda haja hapotei. Fikeni mchana, mtembee pamoja kutoka hemani hadi jengoni, ili hata mdogo wenu aijue njia. Tazameni pia juu: mti wenye tawi kavu si mti wa kulalia chini yake.

Redio ndogo ya hali ya hewa, ile ijiwashayo yenyewe onyo litolewapo, huuzwa kwa bei ndogo madukani huko, na ni kitu bora kununua kuliko kofia ya masikio ya panya. Simu za mkononi nazo hupokea maonyo ya serikali tangu mwaka 2012, maadamu mwenyewe hakuyafunga katika mipangilio ya simu yake. Simu moja angalau iachwe imewashwa usiku.

Hapa hapana budi tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Radi ni jambo la karibu kila siku katika miezi ya joto, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa alasiri. Hema halimkingi mtu na radi hata kidogo, wala mti haumkingi. Lakini gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni kinga nzuri: ingieni humo au katika jengo imara mara msikiapo ngurumo, na mkae mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kisulisuli ni kinyume. Gari lililowaokoa na radi halitawaokoa na upepo ule, wala trela haitawaokoa, hata iwe kubwa na yenye friji na kitanda cha sponji. Kwa upepo ni jengo tu, chumba cha ndani kisicho na dirisha, mbali na milango ya vioo.

Vimbunga vikubwa vya baharini vina msimu wake unaojulikana, kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, navyo hutangazwa siku kadhaa kabla. Kambi ya Fort Wilderness ilifungwa wakati wa kimbunga Irma mwaka 2017, wakati wa Ian mwaka 2022, na wakati wa Milton mwezi Oktoba mwaka 2024. Kwa hiyo asafiriye katika msimu huo aulize jambo moja zaidi: kambi ikifungwa, fedha zetu zitarudishwa? Jibu liwe kwa maandishi.

Tuje kwenye fedha. Bei ya usiku mmoja katika Fort Wilderness hupita dola 100, na nyakati za sikukuu hupita hata 200. Katika Lake Louisa bei ya msingi katika miaka hii ya karibuni imekuwa dola 24, pamoja na dola 7 za umeme na maji. Mtu akitazama harakaharaka ataona kwamba kambi ya Disney ni wizi mtupu. Lakini tuifanye hesabu kama afanyavyo mama anayekwenda sokoni, ambaye huhesabu na nauli.

Tuseme jamaa watalala siku nne na kuingia bustanini siku tatu. Lake Louisa itawatoza dola 124. Kisha kuegesha gari katika bustani za Disney kulikuwa dola 30 kwa siku mwaka 2024, yaani 90 kwa siku tatu. Tumefika 214, na bado hatujatia petroli, ushuru wa barabara na ada ya kuweka nafasi. Katika Fort Wilderness, tukikisia dola 130 kwa usiku, ni dola 520 kabla ya kodi. Ila wageni wa huko hawalipi maegesho ya bustani, na mabasi na mashua ya kuwapeleka malangoni ni bure. Pia kiwanja kimoja cha huko huruhusiwa watu 10, ilhali hifadhi za jimbo kwa kawaida huruhusu 8. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini si kubwa kama ilivyoonekana mwanzoni. Kambi za watu binafsi huwa katikati, nazo zina tabia ya kuongeza vijisenti: hema la pili, gari la pili, mtu wa tano. Ombeni bei ya mwisho kabisa, ikiwa pamoja na kodi, kwa idadi kamili ya watu na magari.

Lakini kuna hesabu nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Tiketi ya mtu mmoja kwa siku moja hupita dola 100. Mtoto aliyetimiza miaka 3 hulipiwa, na aliyetimiza 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Jamaa ya watu sita, tukikisia dola 130 kwa kila mmoja, hutumia dola 780 kwa siku moja ya bembea na treni. Hapo utaona kwamba fedha zote zinazoweza kuokolewa kwa kukimbilia kambi mbovu, isiyo na jengo imara wala taa wala mlinzi, hazifikii bei ya siku moja ya tiketi. Ikiwa fedha hazitoshi, na kwa wengi wetu hazitoshi, nasema wazi: punguzeni siku ya bustani, msipunguze kambi. Watoto wakiingia siku mbili badala ya tatu, siku ya tatu wakashinda ziwani na kuchoma mahindi, hawatakuwa wameonewa. Bibi atawashukuru.

Kwa jamaa wenye watoto wadogo sana mimi ningeona afadhali kambi ya karibu hata ikiwa na bei zaidi, kwa sababu ya saa 7 za mchana. Wakati huo jua la Florida huwa kali, mtoto hulia, na bibi hutafuta kivuli. Alalaye karibu hurudi, huoga, hulala kidogo, kisha huenda tena jioni kutazama fataki. Alalaye mbali hukaa humohumo bustanini akinunua maji na vyakula kwa bei ya humo. Wenye watoto wakubwa hawana shida hiyo. Hao waende Lake Louisa kwa moyo mweupe. Waulize tu namba ya kufungulia lango, maana hifadhi za jimbo hufungwa jua likitua, na wao watakuwa wanarudi usiku.

Nimetaja ziwa, basi tuseme na habari za maji. Maziwa ya Florida yana mamba. Ni wa jamaa nyingine na hawa wetu wa Rufiji, na kwa kawaida humkimbia mtu, lakini mtoto mdogo si mtu machoni mwao. Mwezi Juni mwaka 2016 mtoto wa miaka miwili alikamatwa na mamba ukingoni mwa ziwa katika hoteli moja ya Disney, usiku, akiwa katika maji ya kina kifupi sana, akafa. Baada ya hapo ndipo vikawekwa vibao vya onyo na uzio kandokando ya maziwa ya Disney, ambako leo hairuhusiwi kuogelea. Kanuni ni ileile aliyolelewa nayo mtoto wa Utete: jua likianza kutua, hakuna kwenda majini, wala kusimama ukingoni, wala kutupa mabaki ya samaki. Huko kumlisha mamba ni marufuku kisheria.

Maji yenye joto ya maziwa hayo yana pia kijidudu adimu sana kinachoingilia puani na kuushambulia ubongo. Mwaka 1980 kilimuua mtoto aliyeogelea katika bwawa la Disney lililokuwa kando ya Bay Lake, ambalo limefungwa tangu mwaka 2001. Ugonjwa huo ni nadra mno, lakini kujikinga nao ni rahisi: katika miezi ya joto watoto wasipige mbizi ziwani, na wazibe pua. Bwawa la kambi lililotiwa dawa halina shida hiyo.

Moto nao una hatari zake. Usiku wa Januari katika Florida unaweza kuwa wa baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hajawahi kuiona nyumbani, na bibi atatamani jiko lake la mkaa. Asiliingize hemani kamwe, hata likionekana limezimika, wala jiko la gesi lisiingizwe. Hewa ya mkaa huua kimyakimya ndani ya turubai lililofungwa, kama inavyoua katika vyumba vyetu vilivyozibwa madirisha. Achukue blanketi la pili na soksi. Birika lake la umeme aliache nyumbani, kwa kuwa umeme wa huko ni wa volti 120 na birika la kwetu litachelewa sana kuchemka.

Chakula kifungiwe garini usiku. Wako wanyama wadogo wajanja wenye uso kama uliopakwa masizi, ambao hufungua zipu ya hema kama fundi cherehani. Na wako dubu weusi: mwezi Septemba mwaka 2023 mmoja alipanda mti ndani ya Magic Kingdom yenyewe, sehemu kadhaa za bustani zikafungwa mpaka alipokamatwa. Kabla ya kusimika hema tazameni chini, mkiona kichuguu cha udongo uliovurugika sogeeni; siafu wa huko huuma kama moto, na kwa moto ndivyo walivyopewa jina.

Kuhusu majira, aliye huru kuchagua achague wiki kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, kabla ya umati wa Krismasi: joto limepungua, radi ni chache, na msimu wa vimbunga umekwisha au unakwisha. Atakaye Lake Louisa aanze mapema, kwa sababu tangu mwaka 2024 wakazi wa Florida huruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, na watokao majimbo mengine miezi 10. Yaani jamaa wa Houston wanaotaka kulala huko tarehe 1 Desemba waamke asubuhi ya tarehe 1 Februari wakiwa na simu mkononi, na kabla ya hapo wawe wamekwisha kuuliza kiwanja kipi kiko karibu na jengo la mabafu.